Kuchagua kilengeo cha upinde kwa mwindaji anayeshindana mara moja moja

Ukishanunua upinde wa kompaundi, ule wenye kapi juu na kapi chini, kitu kinachofuata kukusumbua akili ni kilengeo, yaani kifaa cha kulengea kinachofungwa kwenye upinde: duara lenye pini ndani, na ncha ya kila pini ndiyo nukta unayoiweka juu ya shabaha. Pinde nyingi huuzwa tupu. Zile zinazouzwa kamili huja na kilengeo cha bei rahisi ambacho wengi hukibadilisha baada ya muda mfupi. Ukifika dukani unakuta ukuta mzima umejaa: vya pini moja, tatu, tano, saba, vya dola 40 na vya dola 500, na muuzaji anaapa kwamba anachotumia yeye ndicho chenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina moja. Anawinda kila msimu, na mara chache kwa mwaka analipa kiingilio akashindane, ama kwenye sanamu za wanyama za sponji porini, ama kwenye karatasi ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Mtu huyo hana haja ya vilengeo viwili. Kimoja kinamtosha akikichagua kwa mpangilio: mnyama kwanza, kanuni pili, macho yake tatu, mfuko mwisho. Wengi huanza na mfuko, au na kile alichonacho jirani, ndiyo maana vilengeo vya mitumba vilivyotumika msimu mmoja havikosekani sokoni.

Nawalenga hasa ndugu walioko Marekani, kwa sababu huko uwindaji wa upinde una msimu wake, leseni zake na maduka yake. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo msomaji wa huko achukue sehemu za mashindano tu. Na kama unaishi Louisville au Lexington, usishangae mwanao akikutangulia: mpango wa kufundisha upinde mashuleni, NASP, ulianzia Kentucky mwaka 2002, na mtoto anaweza kurudi nyumbani akijua kuvuta upinde kabla mzazi hajagusa kamba. Pinde zao, Genesis, hazina kilengeo kabisa. Mtoto hulenga kwa ncha ya mshale. Ni msingi mzuri, ila haukusaidii sana unapomtazama kulungu saa kumi na mbili na nusu jioni.

Hatua ya kwanza: mnyama gani, umbali gani

Andika kwenye karatasi mnyama unayemwinda na umbali wa mbali kabisa ambao unaweza kuweka mishale yote ndani ya sahani ya inchi 8 ukiwa umechoka, siyo siku yako nzuri. Inchi 8 ni takribani ukubwa wa eneo la moyo na mapafu ya kulungu mkia mweupe. Mshale ukitua nje ya hapo unatafuta mnyama aliyejeruhiwa usiku kucha, na huenda usimpate.

Anayewinda kutoka juu ya dungu kwenye misitu ya Kentucky, Ohio au Minnesota, kulungu wake wengi atawapiga ndani ya yadi 30. Miti yenyewe haimruhusu kuona zaidi. Anayefuata elki, yule ndugu mkubwa wa kulungu, kwenye mabonde ya wazi ya magharibi anaweza kukutana na mnyama aliyesimama yadi 50 na asiwe na njia ya kumsogelea. Watu hawa wawili wanahitaji vilengeo tofauti, hata kama pinde zao ni pacha.

Hebu tuangalie kinachotokea hewani. Chukua upinde wa kawaida wa kuwindia unaotoa mshale kwa futi 280 kwa sekunde. Ukiwa umepangia pini yako yadi 20, kisha ukapiga mnyama aliye yadi 30 kwa pini hiyo hiyo, mshale utaanguka chini kama inchi 5 au 6. Hapo umeshatoka kwenye mapafu. Lakini ukiipangia pini moja yadi 25, mnyama wa yadi 20 utampiga juu kidogo, kama inchi 2, na wa yadi 30 chini kidogo, kama inchi 3. Wote wawili wako ndani ya sahani. Kwa hiyo mtu wa dunguni mwenye upinde wenye kasi anaweza kuwinda msimu mzima kwa pini moja isiyoguswa.

Mambo hubadilika mbali. Ukidhani mnyama yuko yadi 50 kumbe yuko 55, kosa lako ni kama inchi 6 hadi 8 kwa kasi hiyo hiyo. Hapo hakuna pini itakayokuokoa, unahitaji kipima umbali. Na kipima umbali kikishakuambia 53, unataka kilengeo kinachoweza kwenda 53 kamili.

Hatua ya pili: soma kanuni kabla ya kufungua pochi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Kuna kanuni za jimbo na kuna kanuni za mashindano, na hazifanani.

Za jimbo kwanza. Kinacholeta ugomvi zaidi ni vifaa vya umeme. Mwaka 2018 Garmin walitoa Xero A1, kilengeo kinachopima umbali chenyewe na kukuwashia pini inayostahili. Bei yake ilikuwa karibu dola 800. Kinafanya kazi vizuri ajabu. Lakini Montana na Idaho, kwa mfano, msimu wa upinde hauruhusu kifaa cha aina hiyo kifungwe kwenye upinde, na hata kitaa kidogo cha betri cha kumulikia pini kinaweza kukuletea shida katika majimbo yenye kanuni kali. Klabu ya Pope and Young, inayotunza kumbukumbu za wanyama wakubwa waliopatikana kwa upinde tangu 1961, nayo haipokei mnyama aliyepigwa kwa kilengeo kinachopima umbali. Kanuni hubadilika, kwa hiyo kila mwaka pakua kijitabu cha idara ya wanyamapori ya jimbo unalowinda, utafute sehemu ya vifaa vya upinde. Ukihama jimbo, soma upya.

Sasa mashindano. Daraja utakalojiandikisha ndilo litakalokuambia kilengeo gani kinaruhusiwa. Kwa mtu wetu, madaraja yanayomfaa ni yale ya wawindaji. NFAA, chama cha kitaifa cha walenga shabaha wa uwandani chenye makao Yankton, South Dakota, wana daraja la Bowhunter Freestyle: pini zisizidi tano, zisizosogezwa raundi ikishaanza, bila lenzi ya kukuza, na stabilaiza, ile fimbo ya mbele ya kutuliza upinde, isiyozidi inchi 12. ASA na IBO, wanaoendesha mashindano ya wanyama wa sponji, nao wana madaraja ya wawindaji yanayotaka pini zisizohama. Ukitaka kusogeza kilengeo kati ya shabaha na shabaha, unapelekwa daraja la wazi, na huko utasimama na watu wenye lenzi za kukuza na stabilaiza ndefu kama fimbo ya kuchungia. Hukatazwi. Utashindwa tu.

Kuna jambo dogo lenye utata: kilengeo cha kusogeza chenye pini kadhaa, ukikifunga kisisogee, je, kinahesabiwa ni cha pini zisizohama? Kuna sehemu utaambiwa ndiyo alimradi hukigusi, na kuna sehemu utaambiwa ukifunge kwa skrubu. Piga simu kwa mwandaaji kabla ya kulipa kiingilio. Ni simu ya dakika mbili.

Ukiwa na ndoto za mbali zaidi, World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, huruhusu lenzi na pima maji kwa upinde wa kompaundi, na shabaha yao ya nje ni yadi 55 hivi, yaani mita 50, kwenye karatasi ya sentimita 80. Kompaundi itaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028, kwa timu ya mseto ya mwanamume na mwanamke. Mtu wa ngazi hiyo hasomi mwongozo huu. Anakwenda na kilengeo cha mashindano pekee na upinde wake wa pili.

Hatua ya tatu: pini ngapi, na zikae au zitembee

Kuna familia tatu, na kila moja ina mahali inapouma.

Pini nyingi zilizokaa. Tatu au tano, kila moja na umbali wake: 20, 30, 40, na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba mnyama akihama huna cha kugusa. Unahama pini tu. Haina gurudumu la kulegea wala kipande cha kusahau. Kwa madaraja ya wawindaji ndiyo isiyo na maswali. Ubaya ni msongamano. Pini tano ndani ya duara dogo hufunika nusu ya mnyama, na moyo unapodunda ni rahisi kuchukua pini ya tatu badala ya ya pili. Pini saba siwezi kumshauri mtu wetu hata kwa bure.

Pini moja inayosogea. Unapima umbali, unazungusha gurudumu la kilengeo hadi namba hiyo kwenye utepe wa umbali uliobandikwa juu yake, unalenga. Dirisha liko wazi, hakuna cha kuchanganya. HHA Sports wa Wisconsin wamejenga jina lao juu ya aina hii. Kwenye sponji za umbali unaojulikana, pini moja ni raha tupu. Porini ina tatizo moja kubwa: umezungusha hadi 35, umeshavuta, kulungu anaanza kutembea kuja kwako, anasimama yadi 18. Huwezi kuachia kamba uzungushe tena, atakuona. Inabidi ulenge chini kwa kukisia, na kukisia ndiko ulikokuwa unakukimbia uliponunua kilengeo.

Pini chache zinazosogea pamoja. Kawaida tatu. Kilengeo kikiwa kwenye kituo chake cha juu, pini zinasoma 20, 30, 40. Ukihitaji 57, unazungusha gurudumu na pini ya chini ndiyo inayosoma namba hiyo. Spot Hogg wa Oregon na Black Gold wa Montana wana vingi vya namna hii. Kwa mtu anayewinda na kushindana mara moja moja, huu ndio uchaguzi wangu: dunguni kinabaki juu na kufanya kazi kama cha pini zilizokaa, kwenye sponji za mbali kinatembea, na kwenye daraja la wawindaji kinafungwa, mradi mwandaaji amekubali.

Lakini kinunue kwa sharti moja. Kiwe na kituo kigumu cha juu ambacho mkono unakihisi gizani. Unazungusha, kinagonga, kinakataa kwenda zaidi, unajua uko nyumbani. Visivyo na kituo hicho vina hatari ya kumpeleka mtu porini alfajiri na kilengeo kilichobaki kwenye yadi 47 tangu mazoezi ya jana. Dukani, funga macho, zungusha mara tatu huku na huko, uone kama unaweza kukirudisha bila kuangalia. Kama una glavu za baridi mfukoni, zivae ujaribu tena. Gurudumu dogo lenye meno laini halishikiki kwa glavu nene za Minnesota mwezi wa kumi na moja.

Kuna pia zile za pini wima, ambapo nukta mbili au tatu zimepangwa kwenye kijiti kimoja kinachotoka chini. Zinafungua dirisha la pembeni na wenye nazo huzipenda. Zinafuata mantiki ile ile ya hapo juu.

Hatua ya nne: ukubwa wa nukta, na macho yako

Nukta unayoiona ni mwisho wa uzi wa fiba, na unene wake hupimwa kwa sehemu za inchi. Zinazopatikana sana ni 0.029, 0.019 na 0.010. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uipige hesabu. Pini ikiwa inchi 30 kutoka kwenye jicho, ile ya 0.029 inafunika karibu inchi 0.7 ya shabaha iliyo yadi 20, na zaidi ya inchi 2 kwa yadi 60. Ile ya 0.019 inafunika karibu nusu inchi kwa 20, na inchi 1.4 kwa 60. Ile ya 0.010 haifuniki hata inchi moja kwa 60.

Kwenye ukumbi wa NFAA, yadi 20, sehemu nyeupe ya katikati ya karatasi ya buluu ina upana wa sentimita 8. Hapo hata nukta nene haikuzuii kuona unakopiga. Kwa hiyo usidanganywe kwamba mashindano lazima yaende na nukta nyembamba. Kinachoamua ni mwanga wa porini.

Katika majimbo mengi saa halali za kumpiga kulungu huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama. Na kulungu anajua kutumia dakika hizo za mwisho kuliko wewe. Nukta ya 0.010 wakati huo hufifia mpaka unabaki na kijiti cheusi kwenye kichaka cheusi. Ile ya 0.029 inang'aa, lakini mchana wa jua kali humwaga mwanga na kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Mimi ningekwenda na 0.019 kwa zote, au 0.019 kwa pini mbili za juu na 0.010 kwa ya chini inayotumika mbali. Angalia pia urefu wa uzi wa fiba uliozungushwa nyuma ya duara. Uzi mrefu hukusanya mwanga mwingi, na ndiyo tofauti kubwa kati ya kilengeo cha dola 60 na cha dola 200.

Rangi: pini ya juu, ile utakayoitumia zaidi, iwe ya kijani. Jioni macho ya watu wengi huishika kijani baada ya nyekundu kupotea. Asiyetofautisha nyekundu na kijani, na wanaume wa hivyo si haba, achukue kijani na njano au pini za rangi moja.

Usikubali kupima mwanga chini ya taa za dukani. Mwombe muuzaji utoke naye nje ya mlango jua likizama. Kama kanuni za duka hazimruhusu, angalau simama karibu na mlango uelekeze kilengeo kwenye kona yenye kivuli kizito. Ukiona nukta imegeuka kuwa nyota yenye miguu au mkia, kabla hujalaumu kilengeo kapimwe na daktari wa macho. Mara nyingi ni astigmatizimu, na miwani sahihi inaimaliza. Waliovuka miaka arobaini wana yao: pini inakuwa ukungu huku mnyama akionekana safi. Macho yaachwe kwa mnyama, ukungu kidogo wa pini hauharibu mshale. Ukizidi, kuna lenzi ndogo inayosafisha pini, ya kuweka kwenye kitundu cha kuchungulia kilicho ndani ya kamba, lakini tone moja la mvua juu yake linakufungia dirisha lote, na si kila daraja linaikubali.

Hatua ya tano: duara, kitundu na pima maji

Kilengeo hakifanyi kazi peke yake. Ndani ya kamba kuna kitundu unachochungulia, na duara la kilengeo linatakiwa kujaa ndani ya kitundu hicho kwa usawa, likiacha utepe mwembamba wa mwanga pande zote. Duara likiwa dogo mno kwa kitundu, linaelea na hujui liko katikati au la. Likiwa kubwa mno, kingo zake hukatwa na unapoteza pima maji iliyo chini.

Jaribio lake ni rahisi. Ukiwa kwenye uwanja wa duka, mshale ukiwa umeelekezwa kwenye shabaha, vuta hadi mwisho macho yakiwa yamefumbwa, mkono utue shavuni unapotua siku zote, kisha fumbua. Duara na kitundu vinapaswa kuwa vimeshakutana. Kama inabidi uinue kidevu au ulaze shingo ili vikutane, kitundu kihamishwe. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kubania upinde, usijaribu kwa bisibisi nyumbani. Kwa uwindaji kitundu cha inchi 3/16 ni cha kati: chembamba kinakupa usahihi ukumbini lakini kinakunyima mwanga jioni, kipana ni kinyume chake. Ukingo wa duara uwe na rangi inayoonekana, nyeupe au kijani, usiwe mweusi mtupu.

Pima maji, ile ile ya waashi ila ndogo kama punje ya mchele, watu huidharau. Upinde ukilala kulia, mshale huenda kulia, na kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo unavyopotea zaidi. Kwenye uwanja tambarare utajinyoosha mwenyewe bila kujua. Mlimani, ambapo jicho linafuata mteremko, utalaza upinde ukiamini umesimama wima.

Kilengeo kizuri kinakuruhusu kurekebisha mhimili wa pili na wa tatu. Wa pili ni kuhakikisha pini ziko wima pale pima maji inaposema sawa. Upinde ukiwa umebanwa kwenye jiliwa, ning'iniza timazi mbele yake: mstari wa pini na uzi wa timazi viende sambamba huku povu likiwa katikati. Wa tatu unahusu kulenga kuelekea juu au chini ya mlima, ambapo pima maji iliyopinda kwa mbele hukudanganya hata kama kwenye tambarare ilikuwa sawa. Huo mwachie fundi, ana kifaa chake na kazi ni ya dakika chache. Anayewinda tambarare ya Kentucky anaweza kuishi bila mhimili wa tatu. Anayepanga kwenda Total Archery Challenge, ambako shabaha hupangwa kwenye miteremko ya michezo ya theluji, asinunue kilengeo kisichokuwa nao.

Hatua ya sita: jinsi kinavyofungwa

Vingi hufungwa kwa skrubu mbili ubavuni mwa upinde na kukaa hapo. Vingine vina mkono mrefu unaoteleza kwenye reli, unaoweza kusogezwa mbele au kuchomolewa ukisafiri. Mkono mrefu hukupa mlengo mwembamba zaidi, ila huongeza uzito upande mmoja na kukuza kila mtikisiko wa mkono. Kwa kuwindia, kifupi kinatosha. Pinde mpya za Mathews na Hoyt zina mahali pa kufungia mbele, katikati ya mwili wa upinde. Ukiwa nao, hakikisha kilengeo unachonunua kinakuja na kishikio kinacholingana, maana baadhi huuzwa pembeni kwa bei ya kuudhi.

Kitikise sikioni. Kweli, kitikise. Kikilia kama njuga dukani, kulungu aliye yadi 20 asubuhi isiyo na upepo atakisikia kabla mshale haujamfikia.

Hatua ya saba: bei

Chini ya dola 80 unapata plastiki na uzi mfupi wa fiba. Chagua pini tatu zilizokaa, vya kusogeza vya bei hiyo hulegea. Kati ya dola 150 na 250 ndipo palipo na thamani, mwili wa alumini na marekebisho ya skrubu ndogondogo yasiyohitaji kulegeza kila kitu. Kupita 300 unalipia ulaini wa gurudumu na uimara wa miaka. Cha mitumba si kibaya: angalia kama nyuzi za fiba hazijakatika, povu la pima maji linatembea, na skrubu hazijaliwa vichwa. Anayevuta kwa mkono wa kushoto aulize kama kinageuzika.

Hatua ya nane: kukipanga

Anza yadi 10, na mishale ile ile utakayowindia. Kanuni ya kurekebisha ni kuufuata mshale: ukienda kushoto, sogeza kilengeo kushoto, ukienda juu, kisogeze juu. Watu hukosea hapa kwa sababu akili inataka kusogeza kinyume.

Piga mishale mitatu mitatu, rekebisha kwa kutazama katikati ya kundi, usiufukuze mshale mmoja uliopotea. Yadi 10 zikikaa, rudi 20 na upange pini ya juu kwa kusogeza duara zima. Kisha 30 na 40, kila pini peke yake, kulia na kushoto pasiguswe tena. Kama pini ya 20 iko katikati lakini ya 40 inakwenda kulia, tatizo haliko kwenye pini; angalia pima maji, au mpe fundi akague mshale unavyotoka kwenye upinde.

Kwa cha kusogeza, kuna utepe wa namba. Vingi huja na tepe kadhaa zilizochapishwa. Unaweka alama ulipopatia yadi 20 na ulipopatia yadi 60, kisha unachagua utepe ambao namba zake hizo mbili zinalingana na alama zako. Bandika kwa muda kwanza, jaribu 35 na 50, ndipo ubandue karatasi ya gundi. Utepe ni wa mshale huo na upinde huo. Ukibadili uzito wa mshale kwa ajili ya sponji, unahitaji utepe mwingine, kwa hiyo ni nafuu kushindana na mshale wako wa kuwindia ila ukaufunga chembe (ncha ya mshale) cha mazoezi chenye uzito uleule.

Mwisho wa kupanga, weka tone la gundi ya skrubu ya buluu kwenye kila skrubu isiyotakiwa kusogea, kisha chora mstari mwembamba wa wino mweupe unaovuka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika, kitu kimehama. Utaikagua kwa sekunde tatu unapotoa upinde kwenye mkoba, hata kwa tochi.

Wiki mbili kabla ya msimu, ambao Kentucky huanza mapema Septemba na Minnesota katikati ya mwezi huo, weka vyembe vya kuwindia vyenye makali na urudie 20, 30 na 40. Vikitua tofauti na vya mazoezi, mwite fundi aurekebishe upinde kabla hujaanza kuhamisha pini, la sivyo mashindano ya Januari utayaanza na kilengeo kilichopangwa kwa mshale mwingine. Alenki ndogo ya skrubu zake ikae kwenye podo muda wote, imefungwa kwa mpira ili isilie.